Ramani ya Nairobi, Barabara ya Mombasa

Leo nazungumza na mwenye Subaru ya turbo, iwe Impreza WRX au Forester, ambayo Jumatatu hadi Ijumaa hukaa uani imefunikwa huku mwenyewe akienda kazini kwa matatu. Jumamosi inafunuliwa, inapashwa moto, inashika njia ya Naivasha au ya Magadi. Gari linakwenda vizuri, lakini jirani ametuni lake, na sasa huyu wetu naye anataka nguvu kidogo ya ziada. Pesa alizo nazo si nyingi. Anachouliza ni hiki: njia ipi ya kutuni itamfaa bila kummalizia akiba na bila kuua injini?

Subaru nimeichukua makusudi, maana ni gari linalotuniwa sana hapa kwetu, na mapenzi yake yana historia. Patrick Njiru aliwazoesha Wakenya jina hilo kwenye Safari Rally. Colin McRae akashinda Safari ya mwaka 1997 akiendesha Impreza, na Richard Burns akashinda tena kwa Impreza mwaka 2000. Watoto waliosimama kando ya barabara wakati ule wakimezwa na vumbi leo ni watu wazima wenye funguo za magari hayohayo mfukoni.

Msimamo wangu nautaja mapema ili tuende pamoja. Kwa mwenye pesa ya wastani na gari la wikendi, njia ya kufuata ni kuandika upya ramani iliyo ndani ya kompyuta ileile ya kiwanda, kwa kufuata vipimo vilivyochukuliwa kwenye gari lake yeye, kwenye barabara na petroli anazotumia yeye. Njia nyingine zote za bei ya chini ninazozijua hupunguza gharama kwa kuacha kupima, na gharama hiyo huja kulipwa na pistoni.

Sasa tuingie ndani. Kompyuta ya injini imejaa majedwali, na hayo kwa pamoja ndiyo ramani. Sensa iliyo kwenye paipu ya hewa hupima uzito wa hewa inayoingia, nyingine huhesabu mizunguko ya kranki. Kutokana na hizo mbili kompyuta hupata mzigo wa injini, kisha hutazama jedwali: kwa mzigo huu na mzunguko huu, nyunyiza petroli kiasi gani, piga cheche nyuzi ngapi kabla ya pistoni kufika juu, ruhusu turbo isukume presha ya kiasi gani. Kutuni kwa njia halali ni kubadilisha namba za majedwali hayo. Kuna kutuni kwa njia ya pili, ambako namba haziguswi ila kompyuta inadanganywa kuhusu hewa inayoingia, ili isome mahali pasipo pake. Tutafika huko.

Kabla ya kudai nguvu ya ziada, jiulize kama ile ya kwanza bado ipo. Impreza WRX ya soko la Japani ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilitangazwa kuwa na nguvu farasi 250, na nguvu hizo zilipatikana kwa petroli ya kwao. Viwango vya Japani vinataka petroli ya daraja la juu iwe na oktani isiyopungua 96, na inayouzwa vituoni kwao kwa kawaida hukaribia 100. Petroli ya kawaida kwenye vituo vyetu haifiki hapo. Oktani ni uvumilivu wa petroli mbele ya joto na mgandamizo. Ikipungua, sehemu ya mchanganyiko hulipuka yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia, presha inapanda ghafla, na pistoni inapigwa wakati haijajiandaa. Injini inagonga. Ikigonga kwa muda chini ya presha ya turbo, kuta nyembamba zinazoshikilia ringi za pistoni huvunjika, na hapo hakuna mazungumzo tena isipokuwa ya bei ya injini nyingine.

Subaru imefunga sensa kwenye bloku inayosikiliza kugonga huko. Ikisikia, kompyuta huchelewesha cheche, na huweka kumbukumbu ya mahali ilipotokea. Katika kompyuta nyingi za Subaru za turbo kuna namba moja inayoonyesha imani ya kompyuta kwa petroli iliyomo ndani ya tangi: ikisimama kwenye 1 mambo ni mazuri, ikishuka maana yake kompyuta imeshaamua kurudi nyuma kwa kila kitu, na ikishuka sana hata presha ya turbo hupunguzwa. Kwenye kompyuta za zamani kidogo, ukamilifu huo huandikwa 16 badala ya 1. Namba hiyo husomwa kwa waya na laptopu, kwa programu ya bure iitwayo RomRaider. Namsihi kila mwenye gari la aina hii aisome kabla hajamlipa mtu yeyote hata shilingi moja. Ukikuta imeshuka, gari lako limekuwa likijipunguzia nguvu lenyewe kimyakimya, pengine kwa miaka, na kazi ya kwanza ya kutuni ni kuliandikia ramani inayokubaliana na petroli ya hapa. Wenye magari wengi wakifanyiwa hilo tu hudhani wameongezewa nguvu mpya, kumbe wamerudishiwa iliyokuwa imepotea.

Jambo la pili ni mwinuko, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo watu wanapoumia. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Presha ya hewa yake ni takriban bar 0.82, wakati Mombasa ni takriban bar 1.01. Tuseme kipimo cha turbo kwenye dashibodi kinasoma bar 0.9. Ukiwa Nairobi, injini inapokea jumla ya bar 1.72, na turbo imelazimika kuikandamiza hewa mara 2.1 kufika hapo. Ukiwa Mombasa na kipimo kikisoma 0.9 ileile, injini inapokea bar 1.91, na turbo imekandamiza mara 1.9 tu. Kwa maneno mengine, Nairobi turbo inachoka zaidi huku injini ikipata hewa kidogo. Ukishuka pwani, presha inayoingia injini inazidi kwa karibu asilimia 11 bila mtu kugusa kitu.

Ramani iliyotuniwa Nairobi peke yake, hata na fundi mzuri, ina visanduku vya jedwali, vile vya mzigo mkubwa, ambavyo injini haikuwahi kuvifikia siku ya kazi. Havikujaribiwa. Vimejazwa kwa kukadiria. Desemba inafika, familia inashuka Mombasa. Umepita Voi, umepita Mariakani, joto limevuka nyuzi 30, ndani mna watu wanne na mizigo, unakanyaga mafuta kulipita lori. Hapo ndipo injini inaingia kwa mara ya kwanza kwenye visanduku vile vya kukadiria, ikiwa na hewa nyingi kuliko ilivyowahi kupewa na petroli ileile ya chini. Gari la wikendi ndilo hasa linalosafiri hivi. Gari la kazini huzunguka jiji moja mwaka mzima.

Waliotengeneza kompyuta ya Subaru walilifikiria suala hili. Wameweka jedwali linalopunguza lengo la presha ya turbo kadiri hewa ya nje inavyokuwa nyepesi, ili turbo isilazimishwe kupita uwezo wake. Wapo mafundi wanaolifuta jedwali hilo ili gari la Nairobi lisome presha ya pwani kwenye kipimo. Turbo ndogo, kama ile inayokuja na Forester, ikilazimishwa hivyo kwenye mzunguko wa juu hutoa joto jingi na hewa kidogo. Kipimo kinapendeza macho na gari haliendi zaidi. Fundi akikuambia atakipandisha, muulize atafanya nini na fidia ya mwinuko. Jibu lake litakuonyesha kama anaijua kompyuta hii au anabahatisha.

Sasa hizo njia za bei nafuu. Ya chini kabisa ni koki ya presha, kijidude cha chuma kinachofungwa kwenye paipu nyembamba ya turbo. Unaizungusha, presha inapanda. Kompyuta haina habari. Ikigundua hewa imepita kikomo ilichowekewa, hukata petroli ghafla kulinda injini, na gari linashtuka kama limegonga ukuta. Kuna watu ambao wakifika hapo hutafuta kifaa kingine cha kuificha kompyuta presha halisi ili isikate. Wamezima mlinzi wa mwisho. Siwezi kuipendekeza njia hii kwa mtu yeyote ninayemtakia mema.

Pigibeki ni kisanduku kinachokaa kati ya sensa ya hewa na kompyuta, kikibadilisha umeme wa sensa kabla haujafika. Zamani kilikuwa na maana, wakati kompyuta nyingi hazikuweza kuandikwa upya. Kwenye Subaru ya turbo kina hatari ambayo wauzaji hawaielezi. Ukikitumia kupunguza petroli, kinaiambia kompyuta kwamba hewa ni kidogo. Kompyuta inanyunyiza petroli kidogo, sawa. Lakini pia inaamini mzigo umepungua, kwa hiyo inakwenda kwenye sehemu ya jedwali ambako cheche hupigwa mapema zaidi. Umepunguza petroli na umewahisha cheche kwa mkono mmoja, bila kukusudia hilo la pili. Hakuna mchanganyiko unaoisukuma injini kugonga zaidi ya huo.

Halafu kuna faili la jumla: ramani iliyoandikiwa gari la mtu mwingine, inayopita kutoka simu hadi simu, unaandikiwa kwenye kompyuta ya gari lako kwa dakika chache. Ramani ya aina hii ikitoka kwa kampuni inayoaminika, ikiwa imeandikwa kwa modeli yako kamili, gari lako likiwa halijabadilishwa chochote, inaweza kuwa mwanzo mzuri. Tatizo letu ni kwamba magari haya hayako tena kama yalivyotoka kiwandani. Huyu amefunga filta ya hewa ya wazi yenye paipu pana. Paipu ikipanuka, sensa ya hewa inasoma pungufu ya kilichomo, na mchanganyiko unakuwa na petroli haba. Yule amefunga vali inayopumua nje kwa ile sauti vijana wanayoipenda kila gia inapobadilishwa. Hewa anayoimwaga imeshapimwa na kuhesabiwa, kompyuta imeshainyunyizia petroli yake, na injini inabaki na petroli ya ziada. Faili la jumla halijui lolote kati ya hayo. Lililoandikwa Uingereza au Marekani halijui hata petroli yetu wala mwinuko wetu.

Upande wa juu wa bei kuna kompyuta mpya kabisa, kama Haltech ya Australia au Link ya New Zealand. Ni vifaa bora, na aliyejenga injini ya mashindano anavihitaji. Mwenye Impreza ya kizazi cha kwanza, ile ya miaka ya 1990, naye anaweza kulazimika kufika huko, kwa sababu kompyuta yake kwa kawaida haikutengenezwa iandikwe upya kupitia soketi ya chini ya dashibodi. Lakini kwa gari la Jumamosi, ukinunua kompyuta mpya umenunua pia saa nyingi za kuifundisha mambo ambayo ile ya kiwanda ilishayajua: kuwaka asubuhi yenye baridi ya Limuru, kutulia mguu usipokuwa kwenye gesi, kubeba mzigo wa eyakondishena, kufidia mwinuko. Kila saa inalipiwa.

Ndiyo maana narudi kwenye kompyuta ya kiwanda. Impreza na Forester za turbo za kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000 nyingi huandikwa upya kwa waya tu. Tactrix walitengeneza waya uitwao OpenPort, na programu yao ya EcuFlash ni ya bure. Ukiongeza RomRaider, zana za kusoma na kuandika ziko mikononi mwa mtu wa kawaida. Jihadhari na nakala bandia za waya huo, maana zimejaa. Kazi ya kuandika ikikatika katikati, kompyuta inaweza kubaki bila programu na gari lisiwake. Chaja iunganishwe kwenye betri wakati wote wa kuandika, hasa betri ya gari linalolala siku tano kwa wiki.

Sikushauri uandike ramani mwenyewe. Nakushauri ujifunze kurekodi. Ukiweza kurekodi mzunguko, mzigo, presha ya turbo, muda wa cheche, marekebisho ya kugonga na joto la hewa, basi fundi anayejua kazi anaweza kukuhudumia hata akiwa mji mwingine au nchi nyingine. Unamtumia rekodi kwa barua pepe, anakurudishia ramani iliyorekebishwa, unarekodi tena. Kitu kimoja cha kuongeza ni sensa pana ya oksijeni kwenye eksozi. Ile ya kawaida haikutengenezwa kupima mchanganyiko wenye petroli nyingi ambao injini ya turbo inautaka chini ya mzigo. Na uzuri wa njia hii ni kwamba inasafiri. Ukishuka Mombasa, laptopu iko kwenye begi. Rekodi za kupanda vilima vya Mazeras zinamwendea fundi, na baadhi ya visanduku vile vilivyokuwa vya kukadiria vinapata namba za kweli.

Lakini kuna sharti moja ambalo siko tayari kulilegeza. Rekodi za mzigo kamili huchukuliwa kwa gia ya tatu hadi mwisho wa mzunguko, na kwa WRX hapo umepita kilomita 130 kwa saa. Hakuna barabara ya umma Kenya inayoruhusu mwendo huo. Rekodi hizo zichukuliwe kwenye uwanja wa mashindano au juu ya daino, ile mashine ya kupimia nguvu ya gari. Barabara ya Magadi saa kumi na mbili asubuhi huonekana tupu mpaka ng'ombe wavuke, na mchungaji wao ni mtoto wa watu. Rekodi za mwendo wa kawaida, za kupanda mlima kwa gesi nusu, za safari ndefu, hizo ndizo za barabarani, na zina faida kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Kuhusu daino: kodisha saa moja au mbili mwishoni, ramani ikiwa imekaribia kukamilika, badala ya kulipia siku nzima tangu mwanzo. Na ukipewa karatasi ya nguvu farasi, uliza kama namba imesahihishwa kwa mwinuko. Masahihisho ya kawaida yanafaa injini isiyo na turbo, ambayo Nairobi hupoteza karibu sehemu moja ya tano ya hewa yake. Injini ya turbo hujifidia sehemu ya upungufu huo, kwa hiyo ukiizidishia kwa hesabu ileile unapata namba kubwa kuliko gari. Angalia tofauti ya kabla na baada kwenye mashine ileile, siku ileile.

Kama Impreza yako haina turbo, nitasema wazi: kuandika upya ramani kutakupa kidogo sana, na pesa hiyo itakupa furaha zaidi kwenye matairi na breki.

Na kwa wote, kabla ya ramani, injini ipimwe. Kompresheni ya silinda zote nne. Mashine ya moshi ipitishwe kwenye paipu za hewa, kwa sababu mpira wa miaka ishirini hupasuka mahali usipopaona, na hewa iliyopimwa ikivuja, ramani nzuri kuliko zote inakuwa ya uongo. Plagi mpya, filta ya petroli, pampu ipimwe presha yake chini ya mzigo. Mkanda wa taimingi, ambao kwenye injini hizi hubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi, uwe na historia inayojulikana. Ukikatika, vali na pistoni zinagongana. Oili ikaguliwe kila wikendi kabla ya safari, maana injini hizi zinajulikana kwa kunywa oili, na turbo haina uvumilivu wa ukame. Mtu akitumia bajeti yote hapa na asibaki na ya ramani mwaka huu, mimi nitamwambia ametumia vizuri.

Gari la wikendi lina tabia zake mbili za kukumbuka. Ukikata betri Jumapili jioni ili isiishe, kompyuta hupoteza ilichojifunza, na katika nyingi ya kompyuta hizi ile namba ya imani huanza tena nusu na kupanda taratibu. Jumamosi asubuhi unaendesha gari lenye tahadhari, unadhani ramani imeharibika. Tumia chaja ndogo ya kudumisha betri badala ya kuikata. Na usijaze tangi pomoni likae mwezi mzima. Petroli ikikaa hupoteza ubora wake, na ramani uliyoilipia iliandikwa kwa petroli mbichi. Jaza siku ya safari, kituo kilekile ukiweza.

Siku ya kumaliza kazi, dai vitu vitatu kutoka kwa fundi: faili la kiwanda kama lilivyosomwa kabla ya kuguswa, faili jipya, na rekodi za kabla na baada. Baadhi hufunga faili ili usiweze kwenda kwa mwingine. Hilo mkubaliane kabla ya malipo. Ukija kuliuza gari, mkabidhi mnunuzi yote matatu na umwambie ramani iliandikwa kwa petroli ipi na katika mwinuko gani. Huenda anaishi Malindi, au Eldoret kwenye mita zaidi ya 2,000, na fundi wake atahitaji kujua aanzie wapi.